Kiraka

Bi Hidaya Salanga, uliyeko Kondoa,
barua yako niliisoma saa tano usiku, hapa Nkuhungu,
umeme umerudi, feni inanguruma kama inadaiwa.
Mistari mitatu tu:
"Programu ni yangu.
Kosa si langu.
Wakulima wa Hombolo wananitukana mimi."

Nilivua viatu, ndipo nikaisoma tena.

Ni kweli. Kibaba ulikitunga wewe,
miaka sita, usiku kwa usiku,
uzito wa kreti, tozo ya ushirika,
na ule mkato wa vikonyo vya zabibu
ambao hakuna mnunuzi anayeutaja kwa sauti.
Kisha ukakiacha wazi: achukuaye achukue,
abadilishaye abadilishe,
ila aseme kabadilisha.

Ila aseme.

Sisi ni watu saba. Hatulipwi.
Yulitha Chibago hujaribu kila toleo
kwenye kompyuta ya shule iliyong'oka herufi M.
Elia Mwaluko huandika maelezo, akayafuta, akayaandika.
Mimi nafunga vifurushi: natia chako,
natia vya watunzi mia tatu nisiowajua sura,
nabeba kwenye flashi hadi kwenye maghala
ambako intaneti hufika kama mvua ya Dodoma,
uvumi kwanza.

Mashine ya Hombolo ilikizidi Kibaba umri. Iligoma.
Nikafungua msimbo wako,
nikafika mstari wa mia nne na kumi na mbili,
nikasema moyoni, na huu nao wa kazi gani?
Nikaukata.
Mashine ikaitika. Wakapiga makofi. Nikanywa soda yao.

Kumbe mstari ule ndio uliokuwa umeshikilia nusu kilo.
Kreti kwa kreti, Agosti nzima,
nusu zikadondoka kama karanga kwenye gunia lenye tobo,
mpaka mama Foibe Matonya alipofungua daftari lake la kalamu ya risasi:
kreti mia moja ishirini na nane,
kilo sitini na nne zimeondoka bila kuaga.
Akatazama kioo.
Kwenye kioo kulikuwa na jina lako.
Langu halikuwapo.

Wenzangu wa mbali huwaita watunzi watu wa juu ya mto,
sisi wa chini tunakinga.
Wangekuja wauone huu wetu, Bubu,
unaotoka huko kwenu ukashuka hadi Bahi:
kiangazi ni mchanga mtupu,
anayetaka maji apige magoti afukue.
Na jina lake lanitosha. Bubu nilikuwa mimi.

Lakini nami nina dukuduku, Bi Hidaya, siwezi kulimeza.
Mwaka juzi nilikuandikia mara tatu
kuhusu mashine kongwe. Hukujibu.
Nikadhani kimya chako ni ruhusa,
na kimya kingi, tulishaambiwa, kina mshindo.
Baadaye nikasikia ulikuwa unauguza,
ukisahihisha madaftari ya darasa la sita
kwenye benchi la wodi.
Nani angekumbuka nusu kilo?

Basi sikia nilichofanya.
Mstari wako nimeurudisha.
Mashine kongwe nimeitafutia njia ya pembeni,
na kiraka nakutumia humu, mistari tisa,
ukikipenda kishone kwako, usipokipenda kichane,
ila unieleze kwa nini, nijifunze.
Maji hayapandi kurudi Kondoa.
Kiraka hupanda, mtu akikibeba.

Na pale mlangoni, programu inapofunguka,
nimeandika:
*Kimetungwa na Hidaya Salanga.
Kimetiwa kiraka na Ndahani Chilewa.
Kikichanika hapa, mtafute Ndahani.*
Namba yangu ya simu ipo chini yake.

Mama Foibe ameshapiga. Mara mbili, kabla ya chai.
Deni lake tunamlipa kwa mafungu, watu saba.
Jina langu analo mbele yake, kubwa, kwenye kioo,
lakini hajalitumia bado.
Ananiita Nusu Kilo.